Wimbo wa Nosim Kinywani mwa Ndeshi

Kila ulipopigwa ule wimbo wa Ndeshi, Nosim aligeuza kigoda chake akauangalia ukuta. Mafundi wa gereji ya Elirehema, pale Ngarenaro, walikwisha kuizoea tabia hiyo. Mteja mgeni akija na njaa yake wakati huo, alisubiri mpaka wimbo uishe, na kama ana haraka aliambiwa akale chipsi. Kwa miaka kumi na miwili Nosim alikuwa akiuza loshoro pembeni ya gereji ile: mahindi yaliyokobolewa, yakapikwa yakaiva, yakapoa, kisha yakachanganywa na maziwa mgando ya kwenye kibuyu. Hakuna fundi aliyethubutu kumwambia kwamba biashara haitaki hasira, maana loshoro yake ilikuwa tamu kuliko hasira yake ilivyokuwa chungu.

Juu ya mlango wa stoo Elirehema alikuwa amefunga spika kubwa iliyong'olewa kwenye basi bovu. Asubuhi ilipiga nyimbo za dini, mchana za vijana, jioni chochote. Nosim alikuwa na neno moja kwa zote. Alisema muziki wa siku hizi ni soda iliyoachwa wazi, sukari imebaki na nguvu imetoka. Zamani mtu aliimba kwenye matanga, na ndugu waliogombea mpaka wa shamba wakashikana mikono kabla maiti haijashuka kaburini. Siku hizi mtu anaimba habari za msalaba, na wewe unayesikiliza unatafuta mahali pa kutingishia kiuno.

"Mama Sabina," Elirehema alimwambia siku moja, akijifuta grisi, "wewe ungepewa redio uiongoze, tungesikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo tu."

Mafundi wakacheka. Nosim naye akatoa meno, lakini macho yake hayakucheka. Elirehema alikuwa mtu wa utani, Mmeru wa upande wa pili wa Mlima Meru, na hakujua alipokuwa akigusa. Hakuna aliyejua pale. Wimbo ule ulioupa ukuta uso wa Nosim mara tatu kwa siku haukuwa wa Ndeshi. Ulikuwa wake yeye.

Nosim alizaliwa magharibi mwa Mlima Meru, kwenye boma la Waarusha waliolima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe. Baba yake alipeleka shule watoto wa kiume, mabinti akawaachia ndama. Kwa hiyo Nosim hakujua a wala be. Lakini wimbo ukiimbwa mbele yake mara moja, aliondoka nao mzima, sauti zote nne, na katika kwaya ya akina mama mwalimu akisahau alimwuliza yeye. Akaolewa na Parsimei, mwanamume mrefu mwenye maneno matamu, wakapata binti mmoja, Sabina. Kisha Parsimei akaenda Mererani kuchimba mawe, akaahidi kurudi kabla ya mvua. Zikanyesha za vuli, zikanyesha za masika. Zilizofika nyumbani ni habari tu, kwamba Parsimei amejenga huko na ana mke mwingine, mweupe, anayejua kupika pilau.

Nosim hakutukana. Kila jioni aliufukia moto kwa majivu, kama mama yake alivyomfundisha, ili kesho asiende kuomba kaa kwa jirani. Na mlango hakuutia komeo, aliuegemeza tu. Jioni moja, mkono ukiwa bado kwenye majivu, maneno yakamjia pamoja na sauti yake, kama mtoto anayezaliwa na nywele tayari:

*Mlango sikuufunga, niliuegemeza tu.*
*Majivu yako juu, chini moto ungali hai.*
*Aliyekwenda na arudi, hataulizwa alikokuwa.*

Mtu wa kwanza kuusikia alikuwa Ndeshi. Walikuwa marafiki wakati ule. Ndeshi, mama yake Allen, alikuwa Mchaga wa Machame, mumewe mfanyabiashara aliyenunua kiwanja Sakina na kujenga. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, na ndiye aliyekuwa katibu wa kwaya, mshika daftari. Siku hiyo walikuwa wakitoka mazoezini, wakishuka kwa miguu. Nosim alipoimba, Ndeshi alisimama njiani akalia, kisha akasema wauandike kabla haujapotea. Nosim akacheka, akauliza utapoteaje wakati uko kichwani? Lakini aliuimba tena polepole, mstari kwa mstari, na Ndeshi akaandika daftari likiwa juu ya goti. Nosim alidhani kuandikiwa ni kama kupokelewa mtoto na mwenzako ili ujifunge vizuri kanga: ukimaliza kujifunga, unarudishiwa.

Kwaya iliuimba kwa miaka. Uliimbwa kwenye msiba mmoja huko juu ya Sakina, na kaka wawili waliokuwa hawajasemezana kwa miaka tisa waling'oa nyasi mbichi, wakazishika mkononi mbele ya watu, maana kwa Waarusha mwenye nyasi mkononi amekuja kwa amani. Mke wa mtu aliyekimbilia kwao Monduli aliusikia, akarudi na watoto. Nosim aliyaona hayo yote kwa macho yake. Uliwarudisha wa watu wengi, ila Parsimei hakurudi. Jambo hilo hakumwambia mtu, lakini lilikaa kifuani mwake kama mwiba wa samaki.

Kisha Ndeshi akatoka kwenye kwaya. Alisema mume wake anataka atulie nyumbani. Baada ya mwaka na nusu Sabina alikuja na simu, akamwonyesha mama yake: Ndeshi amevaa shanga za Kimaasai shingoni mpaka mabegani, Mlima Meru uko nyuma yake, kinanda kinalia, ngoma za kompyuta zinapiga, na kinywani mwake wimbo. Nosim alimwuliza binti yake pale chini pameandikwa nini. Sabina alisoma kwa sauti ndogo, kwamba mtunzi ni Ndeshi.

Nosim alikwenda kwa wazee wa kanisa. Walikuwa watu wapole. Wakaliomba daftari, wakalifunua, wakakuta mistari yote mitatu na chini yake jina la Ndeshi, katibu. Walimwuliza kama kuna mahali alipotia jina lake, au hata dole gumba. Hapakuwa na mahali. Wakawaambia wote wawili wasali na wasameheane. Nosim alisali. Kusamehe ndiko kulikomshinda.

Kilichomfariji kwa miaka kumi kilikuwa kitu kimoja. Alijiambia, na wakati mwingine aliwaambia mafundi bila kutaja jina, kwamba maziwa ya wizi hayagandi. Yana rangi ya maziwa, yana harufu ya maziwa, lakini yaweke kwenye kibuyu siku nne na utakuta maji. Wimbo ule ulikuwa unachezwa harusini, unachezwa baa, watoto wanaukatia viuno, na katika yote hayo hakusikia kwamba umemrudisha hata mbuzi. Basi Mungu ameona, alisema moyoni. Ndeshi amechukua kibuyu, nguvu amemwachia mwenyewe.

Hapo ndipo Ludovick alipomharibia.

Ludovick alikuwa fundi wa giaboksi, Mchaga wa Rombo, mtu wa miaka arobaini hivi. Mikono yake ilijua kazi kuliko mikono ya wote pale, ila kabla ya saa nne ilitetemeka mpaka apate gongo. Desemba, Wachaga wote wa mjini walipofunga maduka na kwenda kwao, Ludovick alibaki amelala ndani ya gari bovu. Kila mtu alijua sababu. Baba yake alipofariki, yeye alikuwa amelewa siku tatu, na alipozinduka mzee ameshazikwa. Kwa aibu hiyo hakukanyaga tena Rombo, na mwaka huu ulikuwa wa kumi na moja.

Mwezi wa sita akatoweka. Elirehema alisema atakuwa mtaroni au mahabusu. Baada ya wiki tatu alirudi asubuhi, amenyoa, uso umejaa, na begani ana mkungu wa ndizi. Aliutua mkungu miguuni pa Nosim.

"Shikamoo, Mama Sabina. Hizi ni zako. Zimetoka kwa mama."

"Marahaba. Mama gani?"

"Mama yangu. Nilikuwa nyumbani."

Nosim alimwangalia mikono. Ilikuwa imetulia kama mikono ya mtu aliyelala.

Ludovick alikaa kwenye tairi akasimulia, na mafundi wakaacha kazi. Alisema siku ile alikuwa chini ya lori, spika inapiga, naye wimbo ule ameshausikia mara mia na hajawahi kuusikiliza. Lakini siku hiyo pale wimbo uliposema hataulizwa alikokuwa, spana ilimtoka mkononi ikampiga kifuani. Alilala chini ya lori akalia mpaka wimbo ukaisha. Alitoka na ovaroli yake ile ile mpaka stendi. Alipofika kwao aliogopa kuingia, akachuma jani la isale kwenye uzio wa jirani. Mafundi wengine wakauliza la nini, naye akawaeleza kwamba kwa Wachaga, aliyekosa akija na isale mkononi, aliyekosewa hawezi kumkataa. Alisimama nalo mlangoni. Mama yake alitoka, akalipokea, akamwuliza kama amekula.

"Hakuniuliza nilikokuwa," Ludovick alisema. "Neno kwa neno, kama wimbo. Yule mama Ndeshi, siku nikimwona nitampigia magoti. Amenirudisha kwetu."

Nosim alikuwa ameushika mwiko. Aliendelea kukoroga kitu kilichokwisha kukorogeka.

Watu hufikiri wivu ni wa gari na nyumba ya vioo. Ndeshi alikuwa na gari na nyumba ya vioo, na Nosim hakuvitaka. Aliyemwonea wivu siku hiyo ni bibi kizee mmoja wa Rombo ambaye hajawahi kumwona, anayepokea jani mlangoni. Yeye ndiye aliyefukia moto ule, na mwingine ndiye aliyeuota. Na zaidi ya bibi yule alimwonea wivu Ndeshi, kwa kitu ambacho hata hakukijua kabla: maziwa ya wizi yalikuwa yameganda. Yaliganda kwa kinanda, kwa ngoma za kompyuta, kwa shanga za kuazima. Nguvu haikubaki kwake hata kidogo.

Angeweza kusema pale pale. Hakusema, na tusimsifu kwa hilo. Hakunyamaza kwa huruma. Aliona gereji ni mahali padogo. Mwezi wa nane ilikuwa sikukuu ya mavuno, na Ndeshi alikuwa ameshatangazwa kwamba atakuja kuimba kwenye usharika wake wa zamani. Nosim alitaka kusema mbele ya wote walioliona lile daftari.

Siku ya mavuno alivaa kitenge chake kizuri, akabeba sadaka yake: kibuyu cha maziwa, kile kilichofungwa shanga shingoni kwa mkono wake mwenyewe, alichokisafisha kwa kijinga cha mzeituni mwitu mpaka maziwa yakawa na harufu ya moshi mtamu. Alikiweka madhabahuni kati ya maboga na kuku. Kisha akakaa benchi la pili na kusubiri. Alikuwa ameyapanga maneno yake. Ndeshi akimaliza ubeti wa kwanza, yeye angesimama.

Ndeshi aliingia amenenepa vizuri, kichwa kimefungwa kilemba cha buluu. Lakini kabla hajashika kipaza sauti, mchungaji alisema kuna mgeni, ndugu yetu Mkatoliki, mwenye ushuhuda mfupi. Akapanda Ludovick, shati limenyooshwa, kola imembana. Alisimulia yale yale, kwa kigugumizi, bila kupamba. Alipofika kwa mama yake mlangoni, kanisa zima lilikuwa linafuta macho. Akina mama wa kwaya ya zamani, waliojua vizuri wimbo ulitoka wapi, nao walilia. Ndeshi akaimba, na Nosim hakusimama. Maneno yalikuwa kinywani kama kiazi cha moto, hawezi kuyatema na hawezi kuyameza. Nani angesimama mbele ya machozi yale akasema habari za daftari?

Baada ya ibada watu walitoka nje kwenye mnada wa sadaka. Mzee wa kanisa alinadi boga, akanadi mayai, akanadi jogoo mmoja mara nne, maana kila aliyemnunua alimrudisha anadiwe tena, na kwa kawaida ya mnada ule mtu hununua kitu akampa amtakaye. Kibuyu kilipoinuliwa, Ludovick alitaja bei na hakuna aliyeongeza. Akakipokea, akavuka uwanja nacho.

"Maziwa haya nampa mama aliyenirudisha nyumbani," akasema, akapiga goti mbele ya Ndeshi.

Vigelegele vikapigwa. Ndeshi alinyoosha mikono miwili, kisha akaziona zile shanga. Alikuwa amekunywa kwenye kibuyu kile miaka mingi, siku ambazo wao wawili walitoka mazoezini na kiu. Aliinua macho akamtafuta mwenyewe kati ya watu, na akamwona. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi waliangaliana, na Ndeshi ndiye aliyetazama chini. Nosim akaondoka kabla ya chakula. Kwanza wimbo, alijiambia njiani, na sasa kibuyu.

Lakini kibuyu hakilingani na wimbo. Kwa watu wa milima ya kule, Mwarusha, Mmeru au Mchaga, chombo cha mwenzako hukirudisha, na hukirudishi kitupu.

Siku ya kumi, adhuhuri, gari jeupe liliingia taratibu kati ya magari yasiyo na milango, na Ndeshi akashuka. Ludovick alikuwa amekwenda madukani kutafuta sili ya giaboksi. Nosim alimwona tangu getini, akaendelea kuosha bakuli.

"Habari za siku nyingi, dada Nosim."

"Nzuri, Mama Allen. Gari limeharibika?"

"Nimeleta kibuyu chako."

Alikishika kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito kwa asali, na shingoni, juu ya zile shanga, alikuwa amefunga jani refu la isale, bichi. Nosim alilitazama jani lile. Alijua ni nini, Ludovick alishawaeleza wote.

"Hilo ni la kwenu," alisema. "Mimi ni Mwarusha. Kwetu mtu hushika nyasi, tena hadharani. Jani lako kwangu ni la kuzungushia uzio."

Ndeshi alikaa kwenye tairi bila kukaribishwa, na kilemba chake na kila kitu. Aliongea kwa sauti ya chini. Alisema tangu ule wimbo amerekodi mingine kumi na minne, na kila mmoja una kinanda kizuri kuliko uliotangulia, na hakuna hata mmoja uliomfanya mtu ainuke alipokaa. Kila anapokwenda wanamwambia, mama imba ule. Alisema huwa anakaa na daftari asubuhi nzima, na kalamu inakauka. Siku ya mavuno, mtu yule alipopiga goti, alitamani ardhi ipasuke. Alisema kwamba hakuna mtu duniani anayemwonea wivu kama Nosim.

Nosim aliyasikiliza maneno hayo kama mtu aliyetoka juani anavyokunywa. Hakujionea haya. Alitamani aongeze.

Ndeshi akasema anatengeneza upya video. Nosim aje, avae shanga, waimbe pamoja.

"Nisimame nyuma yako?"

"Pembeni yangu, dada."

"Sitaki pembeni. Nataka kitu kimoja. Waambie hawa." Alionyesha mafundi kwa mwiko. "Na akirudi Ludovick, mwambie na yeye."

Ndeshi alitikisa kichwa polepole. "Yule mtu ni kama gari lililo juu ya jeki. Ukiivuta jeki leo, umemwua."

"Jeki ni yangu," Nosim alisema.

Hapo ndipo Ludovick alipoingia getini. Alipomwona Ndeshi uso wote ulifunguka, akaja mbio, shikamoo ikimtangulia. Kisha akaona kibuyu. Mtu wa Rombo haelezwi maana ya isale. Tabasamu lilimtoka taratibu, akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine.

"Hili jani kalileta nani?" akauliza. Ndeshi akakikumbatia kibuyu. "Mama Ndeshi, umemkosea nini Mama Sabina?"

Elirehema alianza utani kuhusu akina mama na mabwana zao, akauacha katikati. Spika ilikuwa inapiga kitu cha vijana, akaizima.

Nosim alikuwa na nafasi yake. Aliingoja miaka kumi, na sasa alipoishika hakuhitaji hata kusema neno. Alimtazama tu Ndeshi, akasubiri.

"Wimbo ule ni wake," Ndeshi alisema. "Maneno na sauti. Mimi nilishika kalamu."

Alisimama, akamwekea Nosim kibuyu miguuni, akaenda kwenye gari lake. Hakuna aliyemsindikiza.

Ludovick alibaki amesimama na sili yake mkononi. Hakukasirika kwa sauti. Alisema tu, kama mtu anayejisemea, "Kumbe nimemshukuru Mungu kupitia kinywa cha mwizi." Kisha akamgeukia Nosim akamwomba, kwa heshima, amwimbie.

Basi Nosim akaimba. Aliimba bila kinanda, mikono ina maji ya bakuli, kama alivyouimba jioni ile kwenye majivu. Sauti ilikuwa imezeeka lakini njia haikuisahau. Mafundi walivua kofia. Elirehema, mtu wa maskhara, aligeuka akaitazama stoo. Alipomaliza, Nosim alimwangalia mmoja tu.

Ludovick alikuwa ameinamisha kichwa. "Ni mzuri, mama," alisema. "Mzuri sana. Lakini siyo ulioniita. Ulioniita ulikuwa ule wa kwenye spika."

Hakuna tusi ambalo Nosim alishawahi kutukanwa, hata na Parsimei, lililomwingia kama upole ule.

Siku zilizofuata Elirehema hakuupiga tena wimbo ule. Alidhani anamheshimu Mama Sabina. Alipiga mingine, na Nosim hakuwa na sababu ya kugeuza kigoda. Alikuwa ameshinda. Wateja wake walimwangalia kwa macho mapya, mmoja alimwita mtunzi, na akina mama wawili wa kwaya walishuka mpaka Ngarenaro kumsalimia na kusema wao walijua siku zote. Aliwauliza kama walijua, kwa nini hawakusema. Wakala loshoro wakaondoka.

Ludovick alifanya kazi kimya. Siku ya tatu Nosim aliona spana inagonga bolti kabla ya kuishika. Siku ya nne mikono ilikuwa inatetemeka waziwazi. Siku ya tano, saa nne asubuhi, alinyoosha mgongo, akatupa kitambaa, akatembea mpaka getini. Akasimama pale akiitazama ng'ambo ya barabara, kule kwenye kichochoro cha mama muuza gongo. Kila mtu alijua njia ile inapokwenda. Elirehema alimwangalia Nosim na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Umefurahi sasa, mama?"

Nosim alikuwa anamtazama Ludovick mgongo. Alifikiri habari za bibi wa Rombo, aliyempokea mwanawe mara moja na huenda asiwe na umri wa kumpokea mara ya pili. Bado alimwonea wivu. Alifikiri pia habari za Parsimei, kwamba pengine huko Mererani, siku moja, spika ya mtu ilipiga, na hakuwa mtu wa kusikia. Ludovick alikuwa mtu wa kusikia. Na alichosikia, kwa bahati mbaya ya Nosim, alikisikia kwa Ndeshi.

"Elirehema," alisema. "Weka wimbo."

"Upi?"

Alitaka kusema wa Ndeshi. Ulimi ulikataa, na hakuulazimisha.

"Wangu. Ule wenye kinanda."

Elirehema alipapasa simu yake. Spika ilikoroma, kinanda kikaanza, zikaja zile ngoma za kompyuta alizozichukia, kisha sauti ya Ndeshi, laini, ikavuka uwanja wa gereji mpaka getini. Ludovick hakugeuka. Lakini hakuvuka barabara. Aliegemea nguzo ya geti, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Kuna mahali, kwenye mstari wa pili, Ndeshi huvuta pumzi kabla ya kumaliza neno. Siku zote alikosea hapo. Nosim alipasikia, na bila kujitambua akaujazia mstari kwa sauti yake, kwa nguvu, mpaka mafundi wakageuka.

Kigoda alikiacha kilipokuwa, kinatazama uwanja. Akachukua bakuli, akalijaza mpaka ukingoni, akaliweka juu ya tairi anapokaa Ludovick, akalifunika kwa sahani. Kibuyu cha asali kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari nyuma yake, jani la isale limeanza kukauka shingoni. Hakuwa amelifungua. Hakuwa amelitupa pia.